Kovu la upasuaji na mimba inayofuata: majibu kwa wasomaji

*Shikamoo dokta. Nilijifungua kwa upasuaji miaka mitatu iliyopita. Mwaka na nusu sasa natafuta mtoto wa pili bila mafanikio. Kovu limeziba kizazi?* (Mama wa Morogoro)

Marahaba. Kovu lenyewe mara nyingi halizuii mimba. Wanawake wengi waliopasuliwa hubeba tena bila taabu. Ila mshono wa ndani ukipona vibaya, huacha kijishimo kwenye ukuta wa kizazi. Damu ya hedhi hutuama humo, na inaweza kuzuia mbegu kupita au mimba kujishikiza. Je, hedhi ikiisha unaendelea kutoa matone ya kahawia kwa siku kadhaa? Kama ndiyo, omba ultrasound ya kupitia ukeni. Si kila kijishimo hutibiwa, kwa hiyo usikimbilie kisu kingine. Kama baada ya kujifungua ulipata homa na uchafu wenye harufu, mirija nayo iangaliwe kwa kipimo cha HSG, yaani picha ya eksirei ya kizazi na mirija.

Umeniandikia ukurasa mzima, na hakuna mahali uliposema mumeo amepima mbegu. Karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, tatizo liko kwa mwanamume peke yake au kwa wote wawili. Kuwa na mtoto wa kwanza hakumwondoi kwenye hesabu. Kipimo chake hakimwingizii chuma mwilini wala hakimuumi, na bado ninyi ndio mnaochokonolewa mwaka mzima kabla yeye hajapelekwa maabara. Aanze yeye, wiki hii.

*Kuna dada anauza dawa ya kusafisha kizazi na kuyeyusha makovu. Nitumie?*

Hapana. Swali hili nalijibu kila mwezi. Hakuna chai, unga wala kidonge cha kuweka ukeni kinachoyeyusha kovu la kizazi. Vile vya kuweka ukeni huunguza na kuleta maambukizi, na maambukizi ndiyo yanayoziba mirija.

*Baada ya upasuaji kondo lilibaki, nikasafishwa. Tangu hapo hedhi ni matone tu na tumbo linauma kila mwezi.* (Tabora)

Wewe ndiye wa kuharakisha kuliko wote walioniandikia. Kizazi kikikwanguliwa wakati bado kibichi baada ya uzazi, utando wa ndani unaweza kuondolewa kupita kiasi na kuta mbili zikagandana. Daktari Joseph Asherman alieleza hali hii kwa kina mwaka 1948, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Hedhi hupungua au hukoma. Maumivu ya kila mwezi bila damu huashiria kwamba damu imekosa njia ya kutokea.

Wengi huambiwa ni homoni wakapewa vidonge miezi na miezi. Muulize daktari wa wanawake kuhusu kamera ndogo inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi: huonyesha makovu yalipogandana na papo hapo huweza kuyakata. Matokeo hutegemea ukubwa wa makovu, na huweza kurudi. Ukibeba mimba baadaye, mweleze mkunga historia hii siku ya kwanza, kwa sababu kondo linaweza kung'ang'ania tena.

*Mtoto ana miezi minne, nilipasuliwa, nimepima nina mimba. Nifanyeje?*

Nenda kliniki kesho, usisubiri tumbo lionekane. Ultrasound ya mapema ihakikishe mimba haijakaa kwenye kovu. Hutokea kwa nadra, lakini ni hatari kubwa. Utajifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, si zahanati. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 baada ya kuzaa ndipo utafute mimba nyingine. Nanyi wahudumu, mama asiruhusiwe kwenda nyumbani bila kuzungumziwa kijiti, kitanzi au sindano.

*Mama mkwe anasema ukipasuliwa mara tatu basi. Kweli?*

Hakuna idadi moja kwa wote, lakini kila kisu huongeza uwezekano wa kondo kuota ndani ya kovu, na hapo mama huweza kupoteza kizazi au maisha. Mpange na daktari wenu.

*Nilipasuliwa mara moja. Naweza kuzaa kawaida?*

Wengi huweza, kati ya waliopasuliwa mara moja na kujaribu, kama watatu kwa wanne hufaulu. Kizazi kupasuka hutokea kwa takriban 1 kati ya 200, kama ndani kilichanwa kwa ulalo sehemu ya chini. Kikichanwa wima, hatari ni kubwa zaidi, usijaribu. Kovu la nje halikuonyeshi mchano wa ndani: ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa ulalo na kizazi kwa wima. Kwa hiyo rudi ulikopasuliwa, uombe maelezo ya upasuaji kwa maandishi. Ni haki yako. Yabandike kwenye kadi ya kliniki.

Na mizizi ya kuongeza uchungu, au vidonge vya kununua duka la dawa ili mtoto ashuke haraka, visiguse mdomo wako. Uchungu wa nguvu juu ya kovu ndio unaopasua kizazi, na nyumbani hakuna wa kukufikisha chumba cha upasuaji kwa wakati.