Majibu kwa Wasomaji: Ni nani ashike mwiko kambini?

SWALI. Ndugu mwandishi, ninakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mlezi wa vijana katika kanisa moja la hapa Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Mwaka jana tuliwapeleka vijana wetu kambini karibu na Kipushi kwa siku tano, pamoja na wenzao waliotoka Mbuji-Mayi, katika eneo la Kasai, na wengine waliovuka mpaka wa Kasumbalesa wakitokea Zambia. Ili pasiwe na upendeleo, tuliamua kwamba shughuli zote zifanyike kwa Kiswahili na mahubiri makubwa yatolewe kwa Kifaransa. Tangu siku ya kwanza walikaa makundi makundi, wetu chini ya mwembe, wale wa Mbuji-Mayi wasemao Tshiluba karibu na gari lao, Wazambia barazani. Siku ya tatu ukazuka ugomvi wa chakula, ikasemwa kwamba mama wa jikoni wanawapakulia nyama watu wao kwanza. Tunaandaa kambi nyingine mwaka huu. Je, tuwakataze vijana kusema lugha za kwao?

Mama mlezi, Katuba

JIBU. Mama, ninakushukuru kwa barua yako, na zaidi kwa kuwa hukuuficha ule ugomvi wa nyama. Nitaanzia hapo jikoni, kwa sababu Kanisa la kwanza nalo liliingia katika shida hiyo hiyo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, tunasoma kwamba Wayahudi wa Kiyunani waliwanung'unikia Waebrania kwa kuwa wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Ulikuwa ugomvi wa chakula, na waliogombana walitofautiana kwa lugha. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuagiza watu wote waseme lugha moja. Waliagiza wachaguliwe watu 7 wa kusimamia huduma, na ukiyasoma majina yao, yaani Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia, utaona kwamba yote ni ya Kiyunani. Mimi ninaelewa hivi: kazi ya kugawa ilikabidhiwa upande ule ule uliokuwa ukilalamika kwamba umesahauliwa.

Kwa hiyo, Mama, usiwakataze vijana lugha zao. Badilisha kwanza walioshika mwiko.

Ninajua mlichagua Kiswahili kwa nia njema, mkidhani kwamba ni lugha ya wote isiyo na upande. Kwetu sisi tuliozaliwa Katuba au Kamalondo ndivyo tunavyoihisi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na kampuni ya madini ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na hata Ruanda-Urundi, hadi Kiswahili kikawa lugha ya makambi ya wafanyakazi, lugha ambayo jirani aliweza kumwombea jirani yake chumvi. Lakini miaka ya 1992 na 1993 mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, eneo letu hili, wengi wao wakiwa wamezaliwa huku na hawajawahi kuiona Kasai, na walikaa wiki na miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Kijana wa Mbuji-Mayi ambaye bibi yake alilala katika stesheni ile hawezi kukisikia Kiswahili kama anavyokisikia mwanao. Anapoambiwa mlangoni mwa kambi kwamba hapa ni Kiswahili tu, husikia jambo ambalo ninyi hamkulikusudia kabisa. Hata Katiba ya mwaka 2006, katika ibara yake ya kwanza, inaziweka Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba sawasawa kama lugha za taifa.

Sasa nije kwenye matendo. Pangeni zamu za jikoni kwa kura, katika kila zamu wawepo vijana wa pande zote tatu, na wao ndio wapakue, mama wakiwaelekeza tu. Niliona jambo hili kwa macho yangu katika kambi moja, miaka kadhaa iliyopita. Binti kutoka Kasai alimwaga unga wa muhogo juu ya ule wa mahindi, kama wanavyofanya kwao, na kijana wa Zambia akashtuka kana kwamba sufuria imeharibika. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Binti akasema mâyi, kijana akasema amenshi, wetu mmoja akasema maji, kisha maji yakaongezwa. Kijana alishika sufuria kwa vijiti viwili, binti akasonga hadi jasho likamtiririka shingoni. Ugali huo ulipoiva, mmoja aliuita nshima, mwingine ubwali, sisi bukari, na tukala wote. Jioni ile wale wawili walikaa benchi moja wakiulizana majina ya vitu.

Kuhusu mahubiri, ninakuomba uyafupishe. Mahubiri ya dakika 20 yakipita kwa mkalimani mmoja huwa dakika 40, na kwa wakalimani wawili kijana atasinzia. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 14 kwamba pasipokuwa na mfasiri, mnenaji na anyamaze, na mimi ninaona agizo hilo lina somo hata kwa Kifaransa chetu, ambacho vijana wengi hukiitikia kwa kichwa bila kukielewa. Ukalimani wapeni vijana wenyewe. Katika sala, kila mmoja amwite Mungu kama alivyofundishwa na mama yake, awe Mvidi Mukulu, Lesa au Mungu, bila kutafsiriwa. Nyimbo ziwe fupi, za mstari mmoja unaorudiwa, kama inavyofanya jumuiya ya kikristo ya Taizé ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1940, ambayo baadaye ilikuza desturi ya kuwakusanya vijana wa lugha nyingi, na mwaka 2012 ilikutana nao Kigali.

SWALI. Mimi ni kijana wa miaka 19, ninajua Kiswahili na Tshiluba, kwa hiyo kila kambi ninafanywa mkalimani. Safari iliyopita mwenzangu mmoja alitania kwa kutumia neno «bilulu», nami nikalipita kimya, sikulitafsiri. Je, nilidanganya?

Mkalimani, Ruashi

JIBU. Mwanangu, hukudanganya, ila ulibaki na mzigo usio wako peke yako. Neno hilo, lenye maana ya wadudu, ndilo walilotupiwa Wakasai miaka ile, na aliyelisema huenda hajui lilitoka wapi. Likitokea tena, nyamaza, inua mkono, na umwambie mlezi kwamba hapa huwezi kuendelea. Mlezi amchukue aliyetania pembeni, amweleze habari za zile treni, kisha ampe yeye mwenyewe nafasi ya kwenda kuomba radhi. Wewe uende naye, kwa maana atahitaji mkalimani.