Trela ya mbao ya kulala: maswali yenu na majibu ya fundi

*Ndugu mhariri, mimi na mke wangu tunaishi Katuba, Lubumbashi, na tuna gari aina ya RAV4. Tunataka kujitengenezea uani trela ndogo ya mbao yenye kitanda cha watu wawili na jiko la kupikia upande wa nyuma, ili wakati wa kiangazi twende nayo hadi ziwa Tshangalele na, Mungu akipenda, hadi maporomoko ya Lofoi. Seremala wetu anashauri tuijenge yote kwa mbao za mulombwa (mninga) za inchi moja, kwa kuwa tripleksi, yaani karatasi ya mbao ya safu nyembamba zilizogundishwa, asema, ni kitu cha dari na mvua itaimaliza. Je, tumfuate? — Msomaji wa Katuba*

Seremala wenu anaujua mulombwa vizuri, lakini sidhani kama amewahi kuupandisha kwenye ekseli. Mti huo haupanuki wala kusinyaa sana misimu inapopishana, na mchwa hawaupendi. Kwa mlango wa nyumba sina cha kumpinga. Trela ina hesabu yake nyingine. Ubao wa mulombwa wa milimita 25 ukifunika eneo la sentimita 122 kwa 244 una kilo 48 hivi, ilhali karatasi ya tripleksi ya milimita 12 yenye eneo hilohilo ina kilo 20 tu. Trela yenu itahitaji takribani karatasi sita, kwa hiyo mkimfuata mtabeba zaidi ya kilo 160 za ziada kabla hamjaweka hata godoro. Huko Ulaya, trela isiyo na breki zake yenyewe hairuhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake wote, na mimi kwa barabara zetu ningependa mkomee kilo 500. Mulombwa utumieni kwa vijiti vya fremu, kwa pembe na kwa kizingiti cha mlango, mahali ambapo skrubu zinahitaji ubao wa kuuma.

Ujenzi wa tripleksi si jambo geni wala la kubahatisha. Trela za umbo hili, zenye mgongo wa mviringo na jiko la nyuma, zilienea Marekani tangu miaka ya 1930, na watu wengi walizijenga wenyewe nyumbani kwao. Karatasi ya futi 4 kwa 8 ndiyo iliyozipa vipimo vyake, kwa sababu ukuta mmoja hutoka katika karatasi moja.

Kuhusu mvua, hofu ya seremala ina msingi iwapo mtanunua tripleksi yoyote iliyopo sokoni. Ombeni kipande kidogo cha kila aina, mkitie katika sufuria kuukuu na mkichemshe kwa saa moja au mbili: kile ambacho safu zake zinaachana kama kurasa za kitabu kilichoanguka mtoni kimeunganishwa kwa gundi ya samani za ndani, na hakifai hata kwa sakafu. Kile kinachotoka kizima, nunueni. Baada ya hapo adui ni kingo, kwa sababu uso wa tripleksi huyavumilia maji lakini kingo zake huyanyonya. Kwa hiyo kateni vipande vyote na mtoboe matundu yote kwanza, ya skrubu, ya taa na ya nyaya, kisha pakeni kingo na ndani ya kila tundu vanishi iliyoongezwa kiyeyushi ili ipenye, mara tatu, mkiiacha ikauke kila mara, ndipo muunganishe. Fundi mwenye haraka hupaka baada ya kuunganisha, na maji ya Novemba hupitia palepale ambapo brashi yake haikufika. Upande wa chini wa sakafu upakwe lami. Paa lijengwe kwa tripleksi ya milimita 3 au 4, ambayo hupinda bila kuvunjika, kwa safu mbili zilizogundishwa, na juu yake bati laini la alumini.

Kama mtajenga kati ya Mei na Oktoba, mbao zitakuwa kavu kabisa, kwa hiyo acheni nafasi ya milimita 3 kuzunguka mlango, la sivyo mlango unaofunguka vizuri Agosti utakwama Januari. Uwe upande wa kulia, kwa kuwa sisi huku Kongo huendesha kulia na mtu ashukaye asikanyage barabarani. Na trela ikikaa uani, miguu yake isimame juu ya matofali ya saruji. Yeyote aliyeviona vichuguu vya Katanga hahitaji kuelezwa sababu.

*Trela yangu imekwisha, lakini nikizidisha kilomita 60 kwa saa katika barabara ya Lubumbashi mkia wake huanza kuyumba. Mchomeleaji aliweka ekseli katikati kabisa ya sanduku. — Msomaji wa Likasi*

Hapo ndipo tatizo lilipo. Sehemu ya uzito, yapata asilimia 10, lazima ilale juu ya ndoano ya gari. Ikipungua, trela huanza kuliongoza gari badala ya kuongozwa. Tuseme kutoka kwenye ndoano hadi katikati ya sanduku ni sentimita 220 na uzito umesambaa sawasawa: ekseli inapaswa kuwa sentimita 244 kutoka kwenye ndoano, yaani 24 nyuma ya katikati. Trela ya kilo 500 itaibonyeza ndoano kwa kilo 50, na unaweza kuhakikisha kwa kuweka chini ya shingo yake mizani ya kupimia watu, trela ikiwa imesawazishwa na magurudumu yamezuiwa.

Sasa weka bidoni mbili za maji za lita 20 katika jiko la nyuma, sentimita 330 kutoka kwenye ndoano. Hizo peke yake zinapunguza kilo 14: ndoano inabaki na 36, na trela imefika 540. Kwa hiyo, ekseli ikishasogezwa, maji yakae mbele ya ekseli. Kabla ya hapo usiende nayo popote, wala usijaribu kuiponya kwa kupakia mawe mbele. Hakikisha pia kwamba ndoano yenyewe imefungwa kwenye fremu ya gari na si kwenye bampa. Magari mengi yanayotufikia yakiwa yametumika hayana ndoano, nasi huibandika popote.

*Usiku wa Juni na Julai ni baridi. Je, tunaweza kuingiza mbabula (jiko la makala, yaani mkaa) ndani ya trela kwa muda mfupi na kuitoa kabla ya kulala? — Msomaji wa Kamalondo*

Hapana, hata kwa dakika chache, hata makala yakiwa mekundu bila moshi. Sanduku hilo halifikii mita za ujazo 4 za hewa, na gesi ya makala haina rangi wala harufu. Mbabula ibaki nje, mbali na mlango. Acheni matundu mawili ya hewa yasiyofungika, moja chini na moja juu upande wa pili. Yatawaondolea pia unyevu wa pumzi unaoganda kwenye dari alfajiri. Chini ya godoro wekeni vijiti vyenye nafasi kati yake, na kwa baridi, chupa ya maji ya moto ndani ya blanketi.