Mwanangu, we nyamaza kwanza

Mwanangu, marahaba. Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakuonea huruma. Unasema nadharia zote umemaliza darasani, za wanasaikolojia kina Freud, Rogers, Ellis, na mtihani ukafaulu, ila sasa uko fildi ya ushauri nasaha huko Dodoma, binti wa fomu thrii kakaa mbele yako analia anasema anaogopa kurudi nyumbani, na we huna la kusema. "Mama, we wateja wako ulikuwa unawaambiaga nini?" Halafu chini kabisa, kama kitu kidogo tu, umeandika kuwa alikuomba usimwambie mtu na ukakubali.

Nianze na la kwanza. Nilikuwa siwaambiagi. Yaani karibu chochote.

Hii kazi jina lake ndo linatupoteza. Ushauri nasaha, mtu akisikia hivyo anajua anakuja kupewa ushauri, na we uliyekalia kiti unaona lazima utoe, utafikiri duka la dawa. Mi mwaka wangu wa kwanza kwenye chumba cha kupimia virusi vya Ukimwi nilikuwa hivyohivyo. Alikuja mama mmoja muuza samaki, mume anampiga, dakika kumi hazijaisha nikamwambia mama ondoka hapo utakufa. Akaondoka kweli, akaenda kwa kaka yake, wiki haijaisha kaka mtu kamrudisha kwa mume, na kliniki hakukanyaga tena. Angeniambia habari za huyo kaka kama ningemuuliza. Sikumuuliza. Mpaka leo nakumbuka kandambili alizovaa.

Hapo ndo nikamwelewa Rogers, maana darasani nilimkariri tu. Yule Mmarekani kuanzia 1928 mpaka 1940 alikuwa anafanya kazi na watoto wenye shida mji wa Rochester, kuna mama mwanae mtukutu kweli, na Rogers kikao baada ya kikao anajitahidi kumwonyesha kwamba tatizo limeanzia kwake mama kumkataa mtoto, haiingii. Mwisho wakakubaliana wameshindwa, waachane. Mama kufika mlangoni akageuka akauliza, hivi hapa watu wazima mnawapokea? Akarudi akakaa akamwaga yote ya ndoa yake, mambo ambayo kwenye maelezo ya mwanzo hayakuwemo kabisa. Rogers ndo akaanza kuona kuwa mteja mwenyewe ndo anajua panapomuuma na pa kuelekea.

Na Kiswahili kilishalisema hilo zamani: shauri yako. Sisi tunalisemaga kwa hasira, konda wa hapa Mwanza akikuambia shauri yako ujue kakuchoka, lakini we litoe hasira ulisikie upya. Shauri ni la kwake, we unamsindikiza tu.

Sasa kunyamaza siyo kukaa kama gogo. Akisema anaogopa kurudi nyumbani usirukie "kwa nini", mtu akiulizwa kwa nini anaanza kujitetea kama yuko mahakamani. Mrudishie alichosema: nyumbani kuna kitu kinakutisha. Halafu subiri. Hizo sekunde zitakuwa ndefu kuliko kusubiri kivuko pale Kamanga, utatamani kujaza maneno, vumilia. Rogers mwaka 1957 aliandika masharti yake ya ushauri kumsaidia mtu, kati ya hayo kuna uwe mkweli, umkubali mtu bila masharti, na umwelewe kwa upande wake, ila kuna kipande watu wanakirukaga: yeye mwenyewe aone kwamba umemwelewa. Wewe kuelewa kimoyomoyo hakumsaidii.

Ellis naye usimtupe, yule wa kusema linalomwangusha mtu siyo tukio peke yake bali anavyolitafsiri. Nilimtumia sana, maana hata dawa za Ukimwi za bure zilipoanza 2004 mtu bado anapokea majibu anasema mi nimeshakufa, basi hiyo "nimeshakufa" tunaifungua taratibu, vikao hata vitatu. Ila binti anayelia siku ya kwanza ukianza kumchambulia fikra atakukimbia. Na labda fikra zake ziko sawa kabisa, labda nyumbani kweli kunatisha.

Ndo maana kwenye siri nina ugomvi na wewe. Ahadi ya siri haitolewi nzima nzima. Kabla mtu hajafungua mdomo unamwambia: ya hapa yanabaki hapa, isipokuwa nikisikia unataka kujidhuru, au kumdhuru mtu, au kuna mtoto anaumizwa. Huyo hajafika 18, kisheria ni mtoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote mwenye taarifa ya mtoto kuumizwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kwa hiyo kesho asubuhi unaenda kwa msimamizi wako wa fildi, yeye anajua njia ya kumfikia afisa ustawi wa jamii. Lakini binti ajue kabla, toka kwako, umwombe na radhi kwamba ulimwahidi usichoweza. Ofisini kwa walimu jambo hili lisifike. Na we ni kijana wa kiume, usimpe namba yako, usikae naye sehemu isiyoonekana, wala usimfuate kwao ukajifanya mwokozi.

Kuna mteja wangu wa zamani anauzaga dagaa Kirumba pale Mwaloni. Miaka yote namwacha aanze yeye kunisalimia, asiposalimia napita kama simjui, maana nikimchangamkia mimi, jirani yake wa meza atauliza huyo nesi unamjulia wapi. Siku nyingine ananiita mwenyewe anataka kunijazia sado bure, nakataa, nalipa, ananuna kidogo yanaisha.

Dagaa wako nimewapakia leo Nyegezi, nenda stendi kesho jioni uulizie mzigo. Ukishaongea na msimamizi nipigie uniambie imekuwaje, ila jina la binti usinitajie.

Mama yako