Usikimbilie Dunia ya pili, anza na Mshtarii moto

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwanafunzi wa fizikia anayeishi Kahawa Wendani, aliniandikia hivi: "Kaka, nataka kutafuta sayari za nyota nyingine, hasa zinazofanana na Dunia. Nyumbani wanasema nisomee kitu cha kuleta chakula. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa mistari miwili nikiwa kwenye matatu. Hapa namjibu kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake.

La chakula lingoje kidogo. Kinachonisumbua ni hilo neno "hasa". Kila anayeniandikia anataka Dunia ya pili, yenye maji na ikiwezekana miti. Sasa fikirieni: mtu akitutazama kutoka mbali, ataiona Dunia ikipita mbele ya Jua mara moja tu kwa mwaka, tena kwa saa 13 hivi, na mwanga wa Jua utapungua kwa chini ya sehemu moja kati ya 10,000. Hicho si kitu cha kukamatwa na darubini ya kuazima. Anza na Mshtarii moto: jitu la gesi kama Mshtarii (Jupita) wetu, ila liko karibu sana na nyota yake, linachomwa na joto, na linamaliza mzunguko kwa siku tatu au nne. Hilo ukilikosa leo, utalipata baada ya siku chache.

Na ndivyo elimu ya sayari za nyota zinazofanana na Jua ilivyoanza. Mwaka 1995 mwanaastronomia Michel Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz, wakitumia darubini ya Haute-Provence kule Ufaransa, walitangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi, umbali wa miaka ya nuru 50 hivi. Hawakuiona kwa macho. Waliona nyota ikiyumba, kama mtu mzima anayemzungusha mtoto kwa mikono naye mwenyewe akapepesuka. Sayari ile ina uzito usiopungua karibu nusu ya Mshtarii, na huzunguka kwa siku 4.2. Mshtarii wetu huchukua karibu miaka 12! Hata Utaridi, iliyo karibu zaidi na Jua, huchukua siku 88. Queloz alipoona namba zile mara ya kwanza alidhani chombo chake kina hitilafu, kwa kuwa kila mtu alijua majitu ya gesi hukaa mbali na nyota, kwenye baridi. Wakasubiri nyota irudi angani vizuri, wakapima tena. Namba zikabaki vilevile. Mwaka 2019 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Upande wa pili wa hadithi ndio naupenda zaidi. Kule California, wanaastronomia Geoff Marcy na Paul Butler walikuwa wamepima nyota kwa miaka, lakini walitarajia mizunguko ya miaka mingi, kwa hiyo hawakuwa na haraka ya kuchambua vipimo vyao. Waliposikia habari ya 51 Pegasi waliithibitisha ndani ya siku chache, kisha wakafungua yale yaliyokuwa yamelala kwenye kompyuta zao na kutoa sayari nyingine. Na si kwamba hakuna aliyewahi kusema. Mwanaastronomia Otto Struve aliandika mwaka 1952 kwamba huenda kuna sayari kubwa zilizo karibu sana na nyota zao, na kwamba zingeweza kutafutwa kwa mbinu hizihizi. Wachache sana walimsikiliza.

Mimi pia najua kutosikilizwa. Nilipotafuta ufadhili wa shahada ya pili, mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza, "Hizo sayari zitamlisha nani?" Wenzake wakacheka. Ningeweza kumkumbusha kwamba setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, na ikaitwa Uhuru. Jibu hilo lilinijia nikiwa tayari kwenye ngazi. Nikaishia kuuza simu barabara ya Luthuli, Nairobi, na usiku nasoma. Sisemi hili ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu mwezi uliopita, juu ya ploti yetu Umoja, kati ya tangi la maji na nguo za majirani, nilipima mwanga wa nyota HD 189733 ukishuka kwa zaidi ya asilimia mbili na kupanda tena, katika dakika zilezile zilizotabiriwa. Jitu lenye ukubwa wa Mshtarii lilikuwa linapita. Mlinzi alishuku napeleleza nyumba ya watu. Yule mjumbe wa jopo, kama unasoma, karibu juu.

Nyota ile hutoa nafasi kila baada ya siku 2.2, na inang'aa kiasi kwamba taa za mji hazikuizuia. Mawingu ya Julai yaliniharibia nafasi nyingi, lakini sikuvunjika moyo kwa sababu nyingine ilikuwa njiani. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Chagueni kinachorudi upesi. Vijana wa siku hizi mnataka jambo kubwa kabla ya jambo dogo, mnafungua chaneli kabla ya kufungua kitabu. Chagueni kinachorudi upesi, hata kwenye kazi ya kuleta chakula: mimi simu zimenilisha, na sioni aibu.

Asiye na darubini asininunie. Chombo cha TESS, darubini ya angani ya kutafuta sayari iliyorushwa mwaka 2018, hukodolea kipande kimoja cha anga kwa takriban siku 27, na data zake ni bure kwa yeyote. Hesabu mwenyewe: sayari ya siku nne itapita mara sita hivi katika muda huo. Faili ya nyota moja ni megabaiti chache, nyepesi kuliko video mnazotumiana. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, pakua data za nyota ambayo sayari yake inajulikana tayari, utafute mteremko wake, yaani pale mwanga unaposhuka sayari ikipita, kana kwamba hujui ulipo. Rudia kwa nyingine. Rudia tena.

Ukifika hatua ya kutafuta zisizojulikana, kumbuka kwamba majitu haya ni adimu, chini ya nyota moja hivi kati ya 100 zinazofanana na Jua, na miteremko ya kudanganya ni mingi. Kabla ya kuniandikia saa nane usiku kwamba umepata, linganisha miteremko ya kwanza, ya tatu na ya tano na ile ya pili, ya nne na ya sita. Kina kikitofautiana, hizo ni nyota mbili zinazofunikana kwa zamu. Nyingi za kwangu zimefia hapo.