"Malaika": wimbo mzima umebebwa na "ningekuoa"

Mkuu, umeuliza kwa nini "Malaika" hupigwa harusini ilhali wewe kila ukiusikia unaona ni wimbo wa mtu aliyemkosa ampendaye, na kama maana hiyo umeizua mwenyewe. Hujaizua, imo kwenye maneno. Wala si lazima kwanza tumalize ubishi wa mtunzi (Fadhili William aliurekodi Kenya, na wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanganyika, ubishi huo unataka uzi wake).

Chukua karatasi, uandike mashairi kwa kusikiliza, usinakili mtandaoni. Huko utakuta maneno yamekatwa pasipokatika, na mstari unaoumia zaidi ndio wenye siri: "nashindwa na mali sina we". Jaribu kuhamisha mkato. Ukiuweka baada ya "mali", mali ndiyo inayomshinda kijana anayeimba, kisha anakiri: sina. Ukiuweka baada ya "nashindwa", anashindwa kwanza, na juu ya hapo mali hana. Halafu ipo hiyo "we" ya mwisho. Wengi huichukulia kama mwito tu, kama "we bwana", na huenda ndivyo. Lakini sikio linaweza kuiunganisha na neno la nyuma yake: sina wewe. Yaani umaskini na upweke vimeingia kwenye pumzi moja. Imba mara tatu kwa mikato mitatu, uone ni upi unaokukaba. Huo ndio wako.

Sasa "mali" yenyewe. Kwa watu wengi wa bara, mali kwenye habari za kuoa si utajiri kwa jumla, ni mahari: ng'ombe, mbuzi, fedha zinazokwenda kwa wazee wa binti. Anayesikia hivyo, kikwazo chake kimekaa kwenye viti vya wakwe. Muislamu wa pwani anajua mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, na akitaka anaweza kuipunguza. Kwake, Malaika, yaani binti anayeimbiwa, si mtu anayesubiri tu wazee wakubaliane. Ana neno la kusema, na kunyamaza kwake ndani ya wimbo kunauma zaidi. Maneno ni yaleyale, vidonda viwili tofauti.

Kitenzi cha kukaa nacho ni "ningekuoa". Hakusema "ningalikuoa". Kwa sarufi tuliyofundishwa, -ngali- hufunga mlango: jambo limepita, halirudi. -nge- huuacha umerudishwa tu, haujakomewa. Kijana huyu hana kitu, lakini hajakata tamaa; pesa zikipatikana kesho, sentensi inageuka kuwa "nitakuoa" bila kubadili kingine chochote. Kwa hiyo wanaoupiga harusini hawakosei sana, hasa kama bwana harusi alihangaika miaka kuitafuta hiyo mahari. Kwake wimbo ni kumbukumbu ya deni lililokwisha. Ila MC mwenye akili hataupiga wakati wazee wa mahari wanaingia ukumbini. Auweke baadaye, watu wameshashiba.

Penye "hukuwaza kidege" wengi huteleza. Kwa maandishi neno hilo lina maana mbili. Inaweza kuwa kanusho la wakati uliopita, wewe hukuwaza, na hapo inakuwa lawama. Au ni hu- ya mazoea, ambayo haibebi kiambishi cha mtendaji, ikifuatwa na -ku- ya mtendwa: huwa nakuwaza wewe. Hii ya pili ndiyo inayokaa sawa na wimbo, kwa sababu hakuna mahali pengine kijana anapomlaumu msichana. Anazilaumu pesa zinazomsumbua roho. Lakini kama kuna mtu aliyewahi kukuacha bila kufikiri, sikio lako litachukua ile ya kwanza, na hakuna kamusi itakayokuzuia. Ki- ya "kidege" nayo iangalie. Ni ya kudekeza, ila kidege ni kitu chepesi kinachoruka, na asiye na mali hana tundu.

Mtoto mchanga naye huitwa "malaika", na neno hilohilo ni jina la vile vinyweleo laini vya mwilini. Mzazi aliyezika kichanga akisikia kibwagizo peke yake, bila beti, anasikia wimbo mwingine kabisa. Usimwambie amekosea maana.

Kwa wanaotaka kuuimba: Kiswahili kina mwanamume anayeoa na mwanamke anayeolewa. Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, aliuimba na Mmarekani Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, na "ningekuoa" ikabaki ilivyo, kwa hiyo msikilizaji anamsikia mwanamke akitoa sauti ya kijana wa kiume. Si kosa, waimbaji hufanya hivyo. Lakini kama wewe ni mwanamke na unataka maneno yawe yako, badilisha iwe "ungenioa". Hesabu silabi: ni-nge-ku-o-a, u-nge-ni-o-a. Tano kwa tano, muziki hausogei hata kidogo. Kinachosogea ni lawama, maana sasa anayetakiwa kutafuta pesa ni yule unayemwimbia. Na "Malaika" wa mwisho wa mstari anakuwa yeye.