Saini zinazojumlishika: je, anayejumlisha anaweza kuzuiwa?

SWALI: Ninaandika programu ya ushirika wa wafugaji hapa Tanga. Mizani ya kila kituo cha kukusanya maziwa, kuanzia Pongwe hadi Muheza, itatia saini ya kidijitali kwenye idadi ya lita, kisha kompyuta ya ofisi itajumlisha bila kuwa na ufunguo wa siri. Nimesoma kwamba saini za kihomomofiki, yaani zinazoweza kujumlishwa pamoja na takwimu zake, zinaruhusu jambo hilo. Je, nitamzuiaje mtu mwingine aliyezinasa saini hizo asizijumlishe naye?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosoma ni kweli, lakini zuio unalolitafuta kwa kawaida halimo ndani ya saini zenyewe. Tangu watafiti Johnson, Molnar, Song na Wagner walipozitolea maana rasmi mwaka 2002, kujumlisha kwa kawaida kumehitaji ufunguo wa umma tu, yaani ule usio siri, kwa hiyo yeyote aliyezipata saini za vituo anaweza kutoa jumla yenye saini halali. Asichoweza ni kubuni jumla isiyotokana na lita zilizosainiwa.

Kabla ya kumhofia mtu huyo, hakikisha kwanza kwamba jumla inafungamana na hesabu uliyoikusudia, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Katika mfumo wa Boneh, Freeman, Katz na Waters wa mwaka 2009, kila takwimu huandikwa kama vekta, yaani orodha ya namba, yenye nafasi za ziada, moja kwa kila kituo: kituo husika huweka 1 mahali pake na 0 kwingineko kote. Vekta zikijumlishwa, nafasi hizo huonyesha ni nani aliyehesabiwa na ni mara ngapi. Pongwe ikiingizwa mara mbili, patatokea 2, na mkaguzi ataikataa jumla hiyo. Kila siku nayo ipewe kitambulisho chake ndani ya saini, la sivyo maziwa ya jana yatachanganywa na ya leo.

Kuhusu zuio lenyewe, unaweza kuzifunga saini za vituo kwa njia fiche, kwa ufunguo wa umma wa ofisi, kabla hazijasafirishwa. Ipo pia mifumo ambayo mjumlishaji huteuliwa tangu wakati wa kusaini, na bila ufunguo wake wa siri kujumlisha hakuwezekani. Ni hesabu nzuri, ila nisingeitanguliza katika kazi inayogusa malipo ya watu. Ningependelea ofisi itie saini yake ya kawaida juu ya jumla, na mkaguzi adai saini zote mbili: mwingine akijumlisha, jumla yake haitapokelewa.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza. Mifumo mingi ya aina hii huchukulia kwamba msaini ni mmoja. Mizani zote zikitumia ufunguo mmoja, kuibwa kwa mizani moja kunaziharibu zote. Kila moja ikiwa na wake, utahitaji saini za funguo nyingi, kama zile ambazo Fiore na wenzake walizieleza mwaka 2016, na ukubwa wake huongezeka kadiri wasaini wanavyoongezeka.

Kwa vituo visivyofika mia, ningempelekea mkaguzi saini za kawaida zote ajumlishe mwenyewe. Saini ya Ed25519, mojawapo ya saini hizo za kawaida, ni baiti 64, kwa hiyo mia ni baiti 6,400, pungufu ya picha moja ya simu. Za kihomomofiki zisubiri siku ambayo mkaguzi hatakiwi kuziona lita za kila kituo.