Matumba ya waridi yanaoza kabla ya kuchanua

Swali: Kibustani changu cha mbele, hapa Limuru, ni mita 2 kwa 3. Nimepanda mawaridi ya ‘Souvenir de la Malmaison’, pinki hafifu, yananukia ajabu. Mbona msimu wa mvua matumba yanaoza?

Jibu: Waridi hili la Ufaransa, la mwaka 1843, lina petali nyingi, nyembamba. Za nje zikilowa hugandana, tumba hushindwa kufunguka, ukungu wa kijivu ukaingia. Ukiwahi, bandua taratibu kwa vidole petali mbili tatu zilizogandana; mara nyingi litachanua. Lililooza likate hadi juu ya jani lenye vijani 5, ulitupe mbali. Mwagilia shinani, asubuhi. Acha sentimita 60 kati ya mashina, wala usiyabananishe na ukuta: hewa ndiyo dawa yake. Kiangazi litakulipa kwa harufu.